Mlima wa Kutua Mara Saba

Bi Zaituni tulimzika Alhamisi mvua ikinyesha, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ingawa magoti yangu siku hizi hayana adabu. Watu waliniona nikilia wakadhani namlilia kwa sababu alinilisha nilipokuwa kijana. Kweli alinilisha. Lakini nimeamua kuandika sura hii bila kujipamba, kwa hiyo niseme ilivyokuwa: nililia kwa aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na jambo baya zaidi, nalo ni nafuu. Yeye ndiye mtu pekee aliyejua nilichofanya mwaka ule, na sasa alikuwa chini ya udongo na siri yangu. Nafuu yenyewe haikumaliza hata saa moja. Tuliporudi uani kula wali wa matanga, mzee mmoja mwenye fimbo aliletwa na mjukuu wake akakalishwa kwenye mkeka niliokalia mimi, goti kwa goti. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa Idi wa Goma, ambaye nilikuwa nimemkwepa kwa karibu miaka arobaini.

Habari za wazazi wangu na ukoo wetu nitaziruka, maana hazikunifanya niwe mtu niliyekuwa mwaka ule. Nilijifanya mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mji wetu, jirani na Goma, bado unaitwa Kisenyi, nami nina miaka ishirini na cherehani ninayoikanyaga kutwa kwenye duka la Fundi Salumu, mume wa Bi Zaituni, katika mtaa wetu wa Waislamu. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kirefu chenye meza ya kukatia nguo, dirisha moja, na harufu ya pasi ya mkaa. Dirishani unauona mlima wa Rubavu umesimama juu ya mji, karibu kiasi kwamba jioni kivuli chake kinaingia ndani kabla ya giza. Jumapili duka lilifungwa, na meza ile ikawa yetu. Bi Zaituni alileta viazi vitamu na chai ya tangawizi, akakaa mlangoni akichambua maharage, akisikiliza kila neno huku anajifanya hasikii.

Mchezo ulianza na ubishi. Fundi Salumu alipenda kusema kwamba Wajerumani walipofukuzwa hapa na Wabelgiji walikimbia kama kuku, na kwamba jeshi lenye akili lingepanda tu mlima na kuwacheka walio chini. Siku moja Mzee Hamisi, aliyekuwa akija kunywa chai na kutushonea vifungo kwa mkono, aliweka sindano chini. Alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika vita hiyo, ile kuu ya kwanza. "Kupanda tu?" akauliza. "Salumu, we ulishapanda mulima na sanduku ya risasi kichwani? Leta kitu nikuonyeshe." Nikaleta kadibodi za ndani ya majora ya kitambaa, nikaleta chaki na mkasi, na kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa na vita nzima mezani. Vifungo vyeusi vilikuwa askari wa Wajerumani, vyeupe wa Wabelgiji, na vya rangi ya mfupa, vilivyokuwa vingi kuliko vyote, vilikuwa wapagazi. Uwanja niliuchora nyumba nyumba kwa chaki, kama wa dama. Kwenye tambarare askari alikwenda nyumba nne kila zamu, mlimani mbili. Risasi zilibebwa na wapagazi, na kikosi kilichowaacha wapagazi nyuma hakikuruhusiwa kupiga.

Mlima wenyewe ndio uliotupa taabu. Mzee Hamisi hakuupima kwa mita. Wapagazi, alisema, walipima mlima kwa kutua, yaani mara ngapi mtu mwenye mzigo hulazimika kuuteremsha chini apumue kabla hajafika juu. Njia ya kutoka ziwani hadi sokoni ni ya kutua mara moja. Njia iliyopanda Rubavu kwa upande walioukimbilia Wajerumani ilikuwa ya kutua mara saba. Basi nikakata matabaka saba, nikayabandika moja juu ya jingine, na sheria ikawa kwamba kwenye kila tabaka mpagazi anakaa zamu nzima bila kusogea. Akiwa amebeba na mtu mgongoni, anakaa zamu mbili. Nilikuwa fundi wa kupima viuno na mabega, nikaona ajabu kwamba mlima nao unaweza kupimwa kwa mwili wa mtu. Nilimpenda mzee yule kwa jambo hilo, na nilimwambia hivyo. Nayaandika haya ili msomaji ajue kwamba sikumtendea kwa kutomjua.

Sheria ya mtu mgongoni haikutoka hewani. Mzee Hamisi aliingia vitani na kaka yake, Juma. Siku ya kukimbia Juma alipigwa risasi ya paja chini ya mlima. Hamisi alimweka mgongoni, sanduku kichwani, nyuma yake askari mwenye kiboko akimkataza kulitupa. Alipotua mara ya tatu miguu ilikataa. Alimlaza Juma kwenye majani, akapanda na sanduku, akalitupa juu, akarudi mbio. Hakumkuta, wala maiti hakuiona. Mke wa Juma alikuwa na mimba, akamzaa Idi, na Idi akakulia Goma akisikia kwa mama yake kila siku kwamba baba mdogo wake alichagua sanduku la mzungu akamwacha ndugu yake. Alikuwa sasa mtu mzima, dereva wa lori, mwenye watoto. Akikutana na Mzee Hamisi barabarani alimtazama kama ukuta. Mzee hakuwa na mtoto wala mke. Katika dunia hii damu yake ilikuwa yule tu.

Tuliijaribu safari ile mezani, mimi na yeye peke yetu, mara nyingi. Kifungo cha mfupa, juu yake kifungo kingine. Kila mara vifungo vyeupe vilimfikia kabla hajavuka tabaka la nne. Akijaribu kwenda haraka, alikamatwa. Akizunguka, alikamatwa. Mara ya mwisho alivitazama vifungo kwa muda mrefu, akacheka kidogo, machozi yakamtoka. "Ona," akaniambia. "Miaka yote hii nilikuwa nasema sikuweza, lakini hata mi mwenyewe nilikuwa na mashaka. Rama, Idi iko anapenda muchezo. Aje aone na macho yake."

Nilimwahidi kwamba mchezo utachezwa mbele ya Idi jinsi ulivyo.

Sasa nimlete karani Tomasi. Alikuwa karani wa ofisi huko Goma, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na alikuwa mwanachama wa cercle, klabu ya makarani na walimu, yenye viti vya kukunja, redio na magazeti. Mtu kama mimi hakuingia mle isipokuwa kupeleka suruali iliyotengenezwa. Alikuja Jumapili moja na rafiki yangu mmoja, akauona mchezo, akachanganyikiwa kwa furaha. Alicheza na Mzee Hamisi kuanzia saa nane hadi adhana ya magharibi na mchezo haukuisha. Watazamaji walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na Fundi Salumu amelala kitini.

"Bon," Tomasi akasema kwa Kifaransa chake cha ofisini, akikunja mikono ya shati, "muchezo iko muzuri, muzuri kabisa. Mais mulima inatuua. Mutu anakaa zamu mbili mikono tupu, anasinzia. Batu ya cercle hawawezi."

"We unataka mulima yenye haichokeshe?" Mzee Hamisi akamuuliza.

"Nataka kucheza, muzee. Kuchoka, tunachoka ku kazi."

"Kama haichokeshe, haiko mulima."

Tulicheka wote. Hadi leo siwezi kusema Tomasi alikosea. Mchezo usiokwisha si mchezo, na kama ningesema waziwazi, "Leo tutacheza na mlima mfupi," hakuna ambaye angeumia. Lakini Tomasi alinivuta kando mlangoni, akaniambia kwamba Jumapili ya pili yake atakuja na mwalimu mmoja, mkubwa wa cercle, na kwamba mchezo ukiwaka moto, mimi niliyeutengeneza ningekaribishwa kuufundisha kule, na baadaye, nani anajua, kuwa mmoja wao. Nililala usiku ule nikijiona kwenye kiti cha kukunja.

Alhamisi Mzee Hamisi alikuja amenyoa ndevu. Idi amekubali, akasema. Jumapili. Ileile ya Tomasi. Nilifurahi naye, nikamshika mkono, na papo hapo nikaanza kupanga. Nilipanga hivi: Tomasi na mkubwa wake wacheze kwanza, na mlima mfupi, mchezo wa dakika arobaini. Wakishaondoka nitabandua, nitarudisha matabaka, na Mzee Hamisi amwonyeshe Idi. Jumamosi alasiri, duka likiwa tupu, nikatoa matabaka matatu ya katikati, nikayasukuma chini ya kitanda cha kupumzikia, nikabandika yaliyobaki vizuri kwa uji wa muhogo. Kazi safi. Mshono haukuonekana, na isipokuwa mzee hakuna aliyewahi kuyahesabu matabaka. Sikumwambia mtu, kwa sababu kumwambia Mzee Hamisi kungekuwa kumwomba ruhusa, na nilijua angekataa.

Jumapili Idi aliwahi. Alikuja kabla ya Tomasi, mtu mrefu, kofia mkononi, akasalimu wote isipokuwa baba mdogo wake, akasimama dirishani. Punde Tomasi akafika na mwalimu, mtu wa miwani na maneno machache, na chumba kikajaa, kwa kuwa habari ilikuwa imezagaa. Nikasema tuanze na vita ya tambarare. Mwalimu akauliza ni sehemu gani ya mchezo inayosifiwa. Tomasi akamjibu, "Ya kukimbia, pale ku mulima." Mwalimu akasema basi aonyeshwe hiyo. Tomasi akachukua vifungo vyeupe. Mzee Hamisi, bila kungoja kuitwa, akakaa upande wa pili, akaweka kifungo cha mfupa chini ya mlima na kingine juu yake. Kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema, "Huyu iko mimi. Huyu wa mugongoni iko Juma."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa mwamuzi. Ningesimamisha mchezo, ningeinama chini ya kitanda, watu wangenicheka kidogo na yangeisha. Nilimwona mwalimu anatazama saa yake. Nikasema, "Anzeni."

Mzee Hamisi alinyoosha mkono kukipandisha kifungo chake, kisha akausimamisha hewani. Akauinamia ubao. Akagusa kingo za kadibodi kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika. "Rama," akasema, "mulima hii imekuwa mufupi."

Chumba chote kilinigeukia. Na mimi, niliyemwita baba kila siku, nilitabasamu. "Iko ileile, muzee," nikamjibu. "Macho ndiyo imezeeka." Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka, na kwa nukta moja, Mungu anisamehe, niliona raha.

Hakubisha. Mtu akiambiwa macho yake yamezeeka mbele ya watu, akibisha anazidi kuonekana mzee. Alinitazama mara moja tu, bila hasira, na nafikiri alielewa yote pale pale, hata kiti cha kukunja. Kisha akaanza kucheza. Na hakuucheza mlima wangu. Aliucheza mlima wake. Alipanda tabaka la kwanza, akatua zamu mbili. La pili, akatua. Halafu akasogea nyumba moja katikati ya tabaka, mahali ambapo hapakuwa na ukingo wowote, akaacha mikono yake magotini, akatua tena.

"Muzee, hapa haina kutua," Tomasi akasema. "Panda."

"Natua."

"Mais njia iko wazi!"

"Natua," akasema Mzee Hamisi.

Watu walianza kumpigia kelele za utani. Panda muzee, unangoja nini, umelala? Fundi Salumu akasema hivi ndivyo Wajerumani walivyoshindwa vita. Kila mtu mle chumbani aliona kwamba zimebaki zamu chache tu kufika juu, vifungo vyeupe bado viko mbali, na mzee amekaa. Vikazidi kukaribia. Mzee akainua mkono, akakitoa kifungo cha juu, akakilaza juu ya kadibodi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Akakisogeza kifungo chake peke yake. Nilimtazama Idi. Alikuwa amekaza kofia mikononi hadi imekunjika.

"Njia ilikuwa wazi, baba mudogo," Idi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na mara ya mwisho. "Batu yote wameona. Njia ilikuwa wazi, na ukamulaza chini."

Akatoka. Mzee Hamisi alikaa hadi vifungo vyote vikakusanywa, akamsaidia Tomasi kuvihesabu, akaaga watu kwa majina, nami akaniaga kama wengine.

Jioni Bi Zaituni alikuwa akifagia. Alinyoosha ufagio chini ya kitanda, ukatoka na matabaka matatu ya kadibodi. Aliyaokota, akayaweka juu ya mlima mezani, moja, mbili, tatu, akalinganisha kimo kwa macho. Halafu akayatoa, akanipa mkononi. Hakunitukana, ingawa ningependa anitukane.

"Mi sitasema," akaniambia. "Iko yako. We ndiye utaenda kusema, kule na kule." Aliashiria kwa kidevu, kwanza upande wa kwa Mzee Hamisi, kisha upande wa Goma.

Sikwenda kokote. Nilijiambia nitakwenda Idi akishapoa. Kisha nikajiambia nitakwenda baada ya kupelekwa cercle. Nilipelekwa kweli. Nilikalia kiti cha kukunja Jumapili tatu, nikifundisha watu mlima wa matabaka manne. Jumapili ya nne wakarudia karata zao, na ubao wangu ukawa wa kuwekea chupa. Mzee Hamisi aliacha kuja dukani. Nilisikia kifua kinamsumbua, nikampelekea uji kwa mkono wa mtu mwingine. Alifariki kabla mwaka haujaisha. Idi hakuja mazikoni, na watu walitikisa vichwa wakisema dereva yule ana moyo mgumu. Nilikaa matangani siku tatu, nikala vizuri, nikatikisa kichwa pamoja nao. Aibu ya uongo ule wa Jumapili ninaweza kuieleza, nilikuwa kijana mwenye tamaa. Hii ya kutikisa kichwa sina namna ya kuieleza.

Sasa Idi alikuwa kando yangu mkekani, fimbo mapajani, akila wali kidogo kidogo. Bi Zaituni hayupo tena wa kunitazama. Ningeweza kunyamaza hadi kaburini na hakuna ambaye angejua. Sijui ni nini kilichonisukuma, sitaki kujisifu kwamba ni ujasiri. Nilimwinamia nikamwambia, "Idi, ile siku niliukata mlima. Niliondoa matabaka matatu. Mzee alisema kweli."

Aliendelea kutafuna. Akameza. "Nilijua," akasema.

Nilihisi mkeka umeondoka chini yangu. "Tangu lini?"

"Wiki ileile. Nilishusha sanduku ya misumari ku lori, nikaweka ku kichwa, nikapanda mwenyewe, pale penye alikuwa anasema. Sikufika hata nusu, na mi sikuwa na mutu mugongoni. Nikakaa chini, nikalia kama mutoto."

"Sasa mbona hukumwendea? Alikuwa hai. Alikuwa hai miezi mizima."

"Nilikuwa nimesema mbele ya batu, Rama. Mama amesikia, muke wangu amesikia, Kisenyi yote imesikia. Ningerudi na kusema nini? Nikasema, Rama atakuja. Atakuja aniambie, Idi, mulima ilikatwa, tulikudanganya. Basi nivae koti, niende kwa baba mudogo siku ileile, na batu wajue ni kwa sababu gani." Alinigeukia, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, sijui kama aliniona. "Neno moja tu. Nikangoja."

Nikamwomba anisamehe. Akasema yeye si wa kuombwa. Mjukuu wake akaja kumwinua, mvua imekatika, gari linangoja. Alisimama kwa taabu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani mwangu, na uzito wake wote ukanilemea.

"Ulikuwa unakuja Goma kununua uzi," akasema. "Kila wiki. Nilikuwa nakaa ku mulango saa ile, nakuona unatoka mbali. Ukikaribia kwangu, unavuka barabara."